Maswali ya Wasomaji: Khamsa ya Nizami

SWALI: Khamsa ya Nizami ni takhmisi? Majina yanakaribiana. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Asili ya majina ni moja, neno la Kiarabu lenye maana ya tano, lakini vitu ni mbalimbali. Katika takhmisi mtunzi huchukua ubeti wa mwenzake wa mishororo miwili akauongezea mitatu. Nizami wa Ganja, Azabajani ya leo, alitunga karne ya 12 tenzi tano ndefu za Kiajemi, zikaja kukusanywa katika jalada moja. Tano ni hesabu ya tenzi, si ya mishororo. Zinazopendwa zaidi ni za mapenzi: Khusrau na Shirin, na Leila na Majnun, uliokamilika 1188.

SWALI: Nimetazama picha za nakala ya Khamsa ya Tabriz, Iran, iliyoko Maktaba ya Uingereza, London (namba yake maktabani Or. 2265). Chache zina nyuso na vivuli vya Kizungu. Imeghushiwa? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Haijaghushiwa, dada, ila haikufanywa kwa mkupuo mmoja. Shah Tahmasp, mfalme wa Uajemi, aliiagiza, na mwandishi Shah Mahmud Nishapuri akainakili kati ya 1539 na 1543. Kwa desturi ya karakana zile, mwandishi hutangulia. Karatasi hupakwa wanga, husuguliwa kwa jiwe mpaka iteleze, kisha hukandamizwa juu ya ubao uliotandazwa nyuzi ili mistari ijichore yenyewe bila wino. Anapofika penye tukio la kuchorwa huacha nafasi, akaendelea mbele. Wachoraji hufuata, na hapo ndipo kazi hukwama: mfadhili akichoka au mafundi wakitawanyika, nafasi hubaki nyeupe.

Hapa zilijazwa baada ya zaidi ya miaka 130. Mwaka 1675–76 mchoraji Muhammad Zaman, akiwa Ashraf, Mazandaran, kaskazini mwa Iran, alichora picha tatu mpya, mojawapo ya mfalme Bahram Gur akiua joka. Alizitia saini na mwaka, jambo ambalo mghushi hathubutu. Makosa yake, kwa maoni yetu, ni kugusagusa pia baadhi ya nyuso zilizochorwa na waliomtangulia. Ukitaka kutenganisha mikono, tazama miguuni: wachoraji wa Tahmasp hawaweki kivuli chini ya mtu, na ardhi yao hupanda karibu hadi juu ya ukurasa.

SWALI: Kitabu chetu cha zamani kina fremu ya mistari ya kijani kuzunguka maandishi. Karatasi inakatika kwenye mstari huo huo, kama iliyopitishwa wembe. Tuibandike? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Msibandike! Kijani hicho yaelekea ni kutu ya shaba, iliyopatikana kwa kuacha bamba la shaba kwenye siki. Shaba hiyo, ikipata unyevu, huvunja nyuzi za karatasi: mstari huwa kahawia, kisha hupasuka, na mwishowe maandishi yote huanguka nje ya pambizo kama kioo kinachotoka kwenye fremu. Waajemi walilijua tatizo hili. Mapishi yao ya rangi yanaagiza kuchanganya zafarani kidogo ndani ya kijani.

Selotepu itang'oa wino. Gundi ya maji ni mbaya zaidi, maana maji husambaza shaba hadi kwenye karatasi nzima. Lazeni kitabu, kifungueni nusu tu kwa kukiegemeza mito miwili, na geuzeni ukurasa kwa kuupitishia kadi ngumu chini yake. Unyevu wa hewa uwe kama asilimia 45 hadi 55, jambo gumu Unguja bila mashine ya kukausha hewa. Ukarabati wenyewe mwachieni mhifadhi. Atatumia karatasi nyembamba ya Kijapani yenye jelatini, kwa unyevu mdogo kabisa.

SWALI: Lile neno pweke chini ya ukurasa katika vitabu vya kale vya mkono ni la nini? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata, msaada kwa mjalidi. Lisipolingana, jani limetoka au limehamishwa. Mara nyingi linalokosekana ni lenye picha: nakala ya Khamsa ya Akbar, mfalme wa India, iliyokamilika Lahore 1595, iko London, lakini picha zake tano ziko Baltimore, Marekani, katika jumba la makumbusho la Walters Art Museum.