Riwaya Nazilimbikizia Safari

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Morogoro, na riwaya zako nimezisoma zote. Naomba kujua, siku hizi unasoma nini? Na ukisafiri, unabeba vitabu gani, na kipi umekiweka usome baadaye?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nikiwa katikati ya kuandika riwaya, kama sasa, sisomi riwaya ya mtu. Sauti ya mwenzangu inaniingia, nikija kushtuka nimeshaandika kurasa tatu ambazo si zangu. Kwa hiyo nyumbani nasoma mashairi, tena ya zamani. Mezani pana Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Nasoma beti mbili tatu alfajiri, kabla ya chai.

Kuna mahali anaeleza majumba ya wakubwa wa mji wa kale wa Pate yalivyobaki magofu: yale madaka ya ukutani yaliyokuwa yakipangwa sahani, sasa wamelala humo makinda ya ndege. Nyumba ya bibi yangu Pangani ilikuwa na madaka matatu sebuleni. Mara ya mwisho nilipoingia, daka la katikati lilikuwa na kiota cha majani makavu na uzi mwekundu, labda wa mkeka wa bibi mwenyewe. Sikukitoa. Kila nikitaka kuandika nyumba iliyokufa narudi kwenye mistari ile. Huzuni hakuitaja, katutajia daka.

Riwaya basi nazilimbikizia safari. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilitoka 2022. Niliinunua nikaiweka kabatini zaidi ya mwaka bila kuifungua. Ile ya Kiingereza, ya 1994, nilikuwa nimeisoma zamani. Nilitaka nikutane na Yusuf, kijana wa riwaya hiyo, kwa Kiswahili nikiwa ndani ya treni, maana naye anatolewa kwao kwa treni. Nilipopata safari ya Mbeya nikapanda TAZARA, na kulipopambazuka nikaanza kusoma. Ukishapita Mlimba reli inapanda milima kuelekea Makambako, na mahandaki ni mengi. Tukiingia handakini maandishi yanatoweka, nami nabaki nimeweka kidole juu ya neno mpaka mwanga urudi. Handaki moja lilinikuta pale Khalil, kijana mwenzake wa dukani, anapomwambia Yusuf kwamba yule tajiri aliyemchukua hana undugu naye wowote. Nikakaa gizani na maneno hayo, na magurudumu yananguruma chini yangu. Nyumbani kwenye kochi nisingeyasikia vile.

Kwenye basi sibebi kitabu kigeni. Nachukua riwaya za Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, ambaye namjua mwanzo hadi mwisho. Hata tukisimama mizani au mtoto akilia nyuma yangu, naendelea nilipoishia. Safari moja ya Tanga, kijana wa kiti cha jirani alikuwa anasoma pamoja nami, shingo ameinyoosha, hata nikifungua ukurasa mapema anaguna. Tulipofika Segera nikampa kitabu, Kisima cha Giningi. Nimeshakinunua mara nne kwa mtindo huo, na sioni hasara.

Sasa umeniuliza ninachokiweka. Ni riwaya mbili, Nagona na Mzingile, za Euphrase Kezilahabi. Nagona, ya 1990, ilinishinda nikiwa chuoni. Nilikuwa natafuta kisa chenye kichwa na miguu, kumbe mwenyewe ananipeleka kwingine kabisa. Nikaifunga kwa hasira. Desemba nakwenda Ukerewe, kisiwa alikozaliwa mwaka 1944, na kutoka Mwanza hadi Nansio ni saa tatu hivi majini. Kitabu chenyewe chembamba, saa hizo zinakitosha. Nimeshavitia vyote viwili kwenye mkoba, nimevizungushia khanga visije vikalowa. Nagona nitaianza meli ikiachia gati. Mzingile itangoja siku ya kurudi.