Fundi Tuambie: Kamera ya roboti ya kuzamisha ziwani

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nipo Mwanza, mjomba wangu ana vizimba vya sato ziwani na kila wavu ukitoboka tunakuja kujua samaki washasepa, na mzamiaji akiitwa lazima alipwe hata kama hajaona kitu. Sasa nimeanza kuunda karoboti ka kuzama kakague nyavu, bodi ni mabomba ya PVC, mota ni zile za pampu za kutoa maji kwenye boti, kanaenda mbele, kanarudi, kanazama, hapo niko vizuri. Shida ni kamera. Muuzaji ananiambia chukua ya WiFi ya 4K, mshkaji wangu anasema Raspberry Pi (kale kakompyuta kadogo ka bodi moja) na kamera yake, fundi magari wa hapa mtaani anacheka, anasema weka kamera ya rivasi tu. Wavu unashuka mita 5, ziwa pale lina kama mita 9. Hela yenyewe ya kuungaunga. Nichukue ipi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Fundi magari kashinda, ila ngoja nikwambie kwa nini, maana ukiichukua kichwa kichwa utaiua siku ya kwanza.

Ya WiFi isahau. Mawimbi yake yanamezwa na maji hata hujafika mbali, wala sio suala la kamera nzuri au mbaya. Mi mwenyewe nilishaingia mkenge huo, nikanunua moja nikaifunga kwenye kopo la plastiki, nikaizamisha kwenye pipa la maji hapo uani, mkono haujazama hata kufika begani picha ikaganda kwenye simu, na picha yenyewe ni uso wangu nimeinamia pipa nimetoa macho. Hiyo ndo video pekee niliyopata kwenye kamera ile. Kwa hiyo waya hauna namna, na ukishakubali waya ndo unaanza kujiuliza kamera gani inaongea vizuri na waya mrefu. Ya USB haifai kuivuta mpaka juu, waya wake wa kawaida mwisho mita 5, labda uwe na kompyuta humohumo ndani ya roboti.

Sasa kabla ya kuhesabu pikseli kapime maji yako kwanza. Kuna padri Mwitaliano, Angelo Secchi, mwaka 1865 alikuwa anashusha visahani vyeupe baharini kuona maji yanaonyesha mpaka wapi, na mpaka leo watu wa maziwa wanapima hivyohivyo. We chukua sahani nyeupe ya plastiki, ifunge kamba na jiwe, ishushe pale kizimbani mchana jua likiwa juu, ikipotea machoni pima kamba. Kwa ule ukijani wa ghuba ya Mwanza sitashangaa ikipotea kwenye mita moja au mbili. Maana yake nini? Maana yake wavu utauona ukiwa umeusogelea kama nusu mita, na hapo 4K inakuonyesha ukungu wa kijani kwa uzuri zaidi, basi. Unachohitaji ni kamera inayoona pana, isiyohitaji mwanga mwingi na isiyochelewa.

Hilo la kuchelewa watu wanalichukulia poa sana. Kamera ya mtandao inaibana picha kwanza ndo inaituma, unaweza kuona jambo nusu sekunde au zaidi baada ya kutokea, sasa nusu sekunde karibu na wavu ndo propela inakuwa ishajiviringa na hapo unamwita yule mzamiaji mliyekuwa mnamkwepa. Ya rivasi ni analogi, inarusha picha moja kwa moja, unachokiona kwenye skrini ni cha sasa hivi. Af inakula volti 12 kama betri yako, inaona pana, na skrini yake ya inchi 7 wanauza palepale. Itengenezee kofia ya boksi gumu uifunike, bila hivyo kwenye mtumbwi saa sita mchana utaona pua yako tu.

Ubaya wake ni kwamba imezaliwa kuangalia nyuma, kwa hiyo inageuza kulia kuwa kushoto kama kioo, na inachora ile mistari ya kupaki. Nyingi zina viwaya viwili vidogo vimepinda kama kitanzi hapo nyuma, kimoja ukikikata mistari inaondoka, kingine ukikata picha inageuka. Jaribu mezani, shika gazeti mbele ya lenzi, ukisoma herufi vizuri umemaliza. Usipofanya hivyo utakuwa unakata kulia roboti inaenda kushoto mpaka uichukie.

Waya tumia ule wa intaneti, Cat5, na baluni mbili (nasema vile vidude vya mafundi wa CCTV vya kuunganisha kamera na waya wa intaneti, sio maputo ya birthday), moja juu moja chini. Kwa hizo mita zako picha inafika safi kabisa. Jozi moja ibebe picha, nyingine umeme wa kamera. Ila taa usizilishe humo! Jozi moja ya Cat5 ya mita 30 ina kama ohm 5 kwenda na kurudi, kamera inayovuta milliamp 100 inapoteza nusu volti tu haina neno, lakini taa ya amp moja inapoteza volti 5 nzima, kati ya 12 unabakiwa na 7. Na hapo nasema ya shaba kweli, sio ile ya alumini iliyopakwa shaba ambayo ndo imejaa madukani, kwangua kwa kisu uone ndani kukoje. Taa zipe waya wake mnene.

Haya, maji. Kwenye boksi utakuta imeandikwa IP67, wauzaji wanakwambia haiingii maji. IP67 ni mita 1 kwa nusu saa, full stop, we unaenda 5 na ikikuponyoka inalala kwenye 9. Pale chini kioo chenye upana wa sentimita 6 kinakandamizwa na kama kilo 25, yaani nusu mfuko wa saruji umekaa juu ya kidirisha. Iweke kwenye kipande cha bomba nene, mbele kipande cha perspeksi (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) cha milimita 6 au zaidi chenye oringi, yaani pete ya mpira, na grisi ya silikoni, nyuma waya unapoingia jaza epoksi, na maganda ya waya yakwangue kidogo ili epoksi ishike. Silikoni ya madirisha peke yake ilishanilaza njaa, usiiamini. Halafu ukishamaliza KABLA ya kuweka kamera, weka tishu ndani, funga, ning'iniza jiwe, ishushe mpaka chini iache saa moja. Tishu ikitoka kavu weka kamera. Ikitoka imelowa umepoteza tishu.

Kioo bapa kitakupunguzia upana, mwanga unapinda ukitoka majini kuingia kwenye hewa, lenzi ya nyuzi 120 inabaki na kama 80, na wavu utauona mkubwa na wa karibu kuliko ulivyo. Kioo cha kuba kinarudisha upana lakini lenzi lazima ikae katikati kabisa ya duara lake, kwa kazi yako usijitese. Taa mbili nyeupe zitoe pembeni, sentimita 20 au 30 kutoka kwenye lenzi kila upande, ukizibandika karibu zitamulika uchafu unaoelea mbele na utaona theluji tupu, kama kuwasha full kwenye ukungu. Na tupia vile vipakiti vya silika jeli vya kwenye maboksi ya viatu humo ndani, maji ya chini yana ubaridi na kioo kitaota jasho.

SWALI: Za kazi fundi. Kigoma huku maji ni meupe, unaona mpaka mawe. Nataka kurekodi samaki wa kwenye miamba niweke YouTube, mita 10 hivi. Kamera ya rivasi si itaniaibisha?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Itakuaibisha kweli. Lakini ya kuendeshea iache hiyohiyo, pembeni funga GoPro ijirekodie yenyewe kwenye memori kadi. Kuanzia HERO5 ya 2016 nyingi zinaingia mita 10 bila kava, na we unagusa palepale kwenye mita 10 kwa hiyo nunua kava. Ukitaka kila kitu kimoja, Raspberry Pi na Camera Module 3 ile pana, waya wa intaneti unafika mita 100, ila zima fokasi ya otomatiki uifunge kwenye umbali mmoja, la sivyo itahangaika na kila kichembe kinachopita. Rangi nyekundu inamezwa mapema na maji, samaki wa njano na wekundu watoke vizuri lazima usogee na taa. Na usitamani kwenda chini zaidi kisa maji ni meupe, ziwa lenu lina mita 1,470.

SWALI: Niaje fundi, niko Mombasa. Nimepata kamera ya CCTV ya night vision bei poa, nataka kuangalia nguzo za gati usiku. Itafanya?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kamera inaweza kufanya, night vision yake ndo haitafanya. Vile vitaa vya infraredi maji yanavimeza karibu mara moja, halafu mwanga wake unagonga kioo cha kava unarudi kwenye lenzi, utaona duara jeupe na giza nyuma yake. Vikatie umeme vile vitaa au vizibe na tepu nyeusi, weka taa nyeupe za nje. Ikigoma kutoka kwenye picha ya rangi ya kijivu, kajicho kanakopima giza hapo mbele kamulike na LED ndogo ili kadhani ni mchana.