Jibu: Kwa nini Muafaka ulivunjika na Maridhiano yakashika?

Sheikh, umeuliza kwa nini huku Zanzibar miafaka ya 1999 na 2001, ya kumaliza ugomvi wa uchaguzi, haikufua dafu, na Maridhiano ya 2009 yakatuliza watu. Tafauti ni sheria. Miafaka ile kwa sehemu kubwa ilikuwa makaratasi ya vyama viwili, CCM inayotawala na CUF ya upinzani; mmoja akikataa kutekeleza, huna pa kumshitaki. Rais Amani Karume na Maalim Seif wa CUF walipokutana Novemba 2009, jambo lilipelekwa Baraza la Wawakilishi, kisha kura ya maoni ya 31 Julai 2010, "ndiyo" ikapata asilimia 66.4, Katiba ikabadilishwa. Makamu wa Kwanza wa Rais akatoka chama cha pili, na mawaziri wakagawiwa kwa uwiano wa viti vya Baraza.

Lakini usichanganye kugawana vyeo na kuponya. Pemba baada ya 1995 watu waligomeana maduka, gari za abiria, hata maziko, na hayo hayakuondoka kwa waraka wa Ikulu. Afrika Kusini, mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, muuaji wa kisiasa aliweza kusamehewa akisema yote hadharani. Sisi hatukuwa na tume ya namna hiyo kwa mauaji ya Mapinduzi ya 1964. Kwa mauaji ya waandamanaji wa CUF ya Januari 2001 iliundwa tume chini ya Brigedia Mbita, lakini kuchunguza si kusameheana.

Tena mfumo una tundu: unategemea matokeo ya uchaguzi. Yalipofutwa 2015 na CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, serikali ya pamoja ikafa, Katiba ikiwa vile vile. Ilirudi Disemba 2020, Maalim Seif alipoapishwa kuwa Makamu wa Kwanza kupitia chama chake kipya, ACT-Wazalendo.