Kabla Hamjaupa Mfumo Endeshi Wenu Jina

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mwanafunzi mmoja wa Moshi ambaye, baada ya kuniamkia, alinieleza kwamba yeye na wenzake wanataka kuunda mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta, kama Windows) ulio huria, yaani ambao yeyote anaweza kuutumia na kuurekebisha, wa Kitanzania kuanzia sifuri, na kwamba jina, nembo na kundi la WhatsApp tayari wanavyo. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, tuanzie wapi?" Marahaba, mdogo wangu. Ninakujibu hapa kwa sababu najua kwamba anayesoma ukurasa huu naye ana ndoto kama yako. Ninayo haki ya kujibu pia, kwani kundi letu la kujitolea hapa Arusha limefika mahali ambapo wengi walituapia kwamba hatutafika: mfumo wetu sasa unawaka kwenye kompyuta halisi, unasoma diski, unapokea herufi kutoka kwenye kibodi na kuendesha programu ndogo ndogo bila kuegemea mfumo mwingine wowote.

Tulianzia Kijenge, katika chumba cha nyuma cha steshenari ya mwenzetu, kila Jumamosi mchana. Mbele wateja walikuwa wakitoa kopi za vyeti na kuchapisha barua za kuomba kazi, na nyuma sisi tulikuwa tukibishana kuhusu rangi ya menyu ya mfumo ambao haukuwa na uwezo wa kuandika hata herufi moja kwenye skrini. Siku zile watu walijaa hadi wengine wakakalia maboksi ya karatasi. Miradi ya kujitolea haina tofauti na kamati za harusi: kamati ya mapambo hujaa watu, ila ukiuliza nani ataosha vyombo, kila mtu anaangalia simu yake.

Hatua ya kwanza ya kazi hii ni tamu, na utamu huo ndio unaowadanganya wengi. Kwenye kompyuta za zamani za familia ya x86, yaani zenye prosesa za Intel na zinazolingana nazo, BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta, husoma baiti 512 za mwanzo wa diski, huhakikisha kwamba baiti mbili za mwisho ni 55 na AA (namba za msingi wa 16), kisha huziweka kwenye kumbukumbu katika anwani ya 7C00 na kuikabidhi prosesa izitekeleze. Mtu mwenye bidii anaweza kuandika msimbo huo, yaani maagizo hayo ya programu, kwa siku chache, akaona jina la mradi wake likitokea kwenye skrini nyeusi, akapiga picha na kuituma kwa ndugu na jamaa. Nasi tulipiga picha, na zilisambaa kweli.

Kisha tukafika kwenye makatizo, yaani ishara ambazo vifaa kama saa na kibodi huzituma kuikatiza prosesa ivishughulikie, na hapo ndipo chumba kilipoanza kupata nafasi. BIOS huyapanga makatizo ya vifaa kuanzia namba 8, na namba 8 ndiyo ambayo prosesa, ikishaingia katika hali ya biti 32, huitumia kutangaza kwamba hitilafu imezaa hitilafu nyingine. Ukiyaruhusu makatizo kabla ya kuyahamishia namba nyingine, pigo la kwanza la saa ya ndani, ambayo hupiga takriban mara 18 kwa sekunde, linapokelewa kama ajali; na usipokuwa na msimbo sahihi wa kuishughulikia, kompyuta inajiwasha upya, inafika pale pale, na kujiwasha tena. Hakuna ujumbe wa kosa wala dalili ya pa kuanzia, skrini inapepesa tu. Aliyetutoa hapo ni dada mmoja mwalimu wa fizikia, ambaye katika ubishi wote wa nembo hakuwahi kufungua mdomo. Aliketi na mwongozo wa prosesa, akayahamisha makatizo yaanzie namba 32, kwa kuwa 0 hadi 31 zimetengwa kwa ajili ya prosesa yenyewe, akaongeza na mstari wa kukijulisha kidhibiti, kifaa kinachopokea makatizo hayo, kila katizo linapomalizwa kushughulikiwa, maana bila hivyo saa hupiga mara moja na kunyamaza. Ilikuwa mistari michache sana. Hakuna aliyepiga picha.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba kabla ya kutafuta wabunifu mtafute watu wa aina ya mwalimu yule, na mkimpata mmoja mumtunze. Ushauri wa pili hauko mbali na huo: msihesabu watu waliomo kwenye kundi la WhatsApp, hesabuni waliokompaili mfumo, yaani walioubadilisha msimbo kuwa programu inayoendeshwa, kwenye mashine zao wenyewe.

Miezi ya katikati nitairuka, kwa kuwa ilikuwa ya kusoma nyaraka, umeme kukatika na bando kuisha. Jambo moja la wakati huo nisiloweza kuliruka ni suala la emuleta, programu inayoiga kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine. QEMU, emuleta tuliyoitumia, ni chombo kizuri na bila hicho tusingefika popote, lakini kumbukumbu ya kompyuta yake huanza ikiwa imejaa sifuri, ilhali kumbukumbu ya mashine halisi huwaka ikiwa na takataka za kila namna. Programu iliyosahau kuweka thamani ya mwanzo hupita kwenye emuleta bila tatizo, kisha huanguka mezani mbele ya wageni. Tafuteni kompyuta moja ya mtumba yenye tundu la kibodi la PS/2 (lile la duara la zamani), ifanyeni kuwa mashine rasmi ya majaribio, na kila mabadiliko yapite hapo. Msijaribu kuhudumia kila laptopu ya kila mwanachama, maana kila laptopu inadai draiva zake, yaani programu za kuwasiliana na vifaa vyake, na draiva ndiyo kaburi la miradi hii.

Haya si maneno ya kuwatisha. Haiku, mfumo ulioanzishwa mwaka 2001 na wapenzi wa BeOS, mfumo endeshi wa zamani, ulitoa toleo lake la kwanza la beta mwaka 2018. Kiini (sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi) cha Hurd, cha mradi wa GNU wa programu huria, kilianza mwaka 1990, na hadi leo ni wachache wanaokitumia. Nanyi mnaponiletea mfano wa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kumbukeni kwamba alipotangaza kazi yake mwezi Agosti 1991 alikuwa akiandika kiini tu, huku kikompaili na programu za amri akizichukua kutoka GNU, ambao ulikuwa umetangazwa tangu mwaka 1983. Hata yeye hakuanza sifuri. Kama shabaha yenu halisi ni Mtanzania kutumia kompyuta kwa Kiswahili, iko njia fupi zaidi, nayo ni kutafsiri programu huria zilizopo, kama walivyofanya watu wa mradi wa Kilinux mwaka 2004 walipotoa Jambo OpenOffice. Kuunda mfumo endeshi ni kwa ajili ya anayetaka kujua mashine inavyofanya kazi hadi ndani kabisa. Chagueni moja, kisha mliseme waziwazi mbele ya wanachama wote.

Sasa niseme linaloniuma. Mmoja wa wale waliokuwa na sauti kubwa katika siku za nembo aliondoka tulipokwama, akawa anawaambia watu kwamba tunacheza michezo ya watoto. Baadaye nilioneshwa kazi aliyowasilisha alipokuwa akiomba ajira: ni msimbo wetu, pamoja na maoni niliyoyaandika kwa mkono wangu, ila faili la wachangiaji lilikuwa limefutwa na jina la mwalimu wetu halimo popote. Sitamtaja, na kazi aliipata. Nyinyi mnaoanza, wekeni leseni, yaani masharti ya kutumia kazi yenu, tangu siku ya kwanza, kabla ya mstari wa pili wa msimbo. Leseni iitwayo GPL humtaka anayesambaza kazi yenu atoe na msimbo wake kwa masharti yale yale. Leseni ya MIT humruhusu karibu kila kitu, mradi tamko la hakimiliki libaki. Zote mbili zinakataza kuyafuta matamko ya hakimiliki yenye majina yenu. Torvalds alihamia GPL mwaka 1992, wakati kiini chake kilikuwa bado kichanga. Huria haina maana ya kwamba mali haina wenyewe, na kijana asiyeheshimu jasho la mwenzake asiitwe mwanamapinduzi wa teknolojia.

Mdogo wangu wa Moshi, nembo yenu nimeiona na ni nzuri, iwekeni kwanza kabatini. Sisi hatuna bado draiva ya kadi ya mtandao, na tumechagua kuanza na RTL8139, aina mojawapo ya kadi hizo, kwa kuwa ni rahisi kuliko nyingi na QEMU inaiiga. Njoo Jumamosi na wenzako wawili watatu walio tayari kusoma mwongozo wake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na flashi tupu.