Maswali ya Bustani: Dungusi Langu Limelainika Chini

SWALI: Shikamoo Mama. Nipo Mtwara. Nilinunua dungusi refu, la futi moja hivi, nikalipanda kwenye kopo la rangi kwa udongo mweusi na samadi ya mbuzi. Kila asubuhi nalimwagilia. Sasa chini limelainika na rangi imekuwa ya chai, ila juu bado ni kijani. Dada yangu anasema niongeze maji. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiongeze hata tone. Mizizi imeoza, na uozo unapanda. Leo hii hii shika dungusi kwa gazeti lililokunjwa, kisu kikali ukipitishe kwenye spiriti, kisha kata juu ya pale palipolainika. Halafu tazama ulipokata. Katikati utaona duara dogo. Likiwa na madoa ya kahawia au rangi ya kutu, uozo bado umo ndani hata kama ngozi ni nzima, kwa hiyo futa kisu kwa spiriti na ukate tena juu kidogo. Endelea mpaka nyama yote iwe safi, bila doa. Ninajua inauma kukata mmea uupendao, lakini ukiliacha doa moja utapoteza wote.

Kwa kuwa uko Mtwara, salfa ya unga haikupi shida, ile ile wanayopulizia mikorosho. Pakaa kidogo kwenye kidonda. Kisha liweke dungusi kivulini penye upepo, wiki moja au mbili, mpaka kidonda kikauke na kuwa kigumu ukikigusa. Lisimame, usililaze, maana likilala mizizi hutokea ubavuni. Watu wengi hukosa subira hapa, wanapanda kidonda kibichi, uozo unaanza upya.

Ukishapanda, usimwagilie mpaka ulivute kidogo lishikilie. Kopo litoboe matundu chini. Udongo uwe nusu mchanga mnene wa mto, si wa baharini kwa sababu ya chumvi, na samadi iache kwa mchicha. Baadaye, kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti cha mishikaki mpaka chini. Kikitoka na unyevu, ahirisha. Mvua zikianza, sogeza kopo chini ya ukingo wa paa, mahali penye mwanga.

SWALI: Mama, nina ule mmea wa jamii ya mkonge pori, majani marefu ya kijani yenye ukingo wa njano. Nilikata jani vipande nikavipanda, vimeota vizuri, lakini machipukizi yote ni kijani kitupu. Niliuziwa mbegu mbaya?

JIBU: Hapana, muuzaji hana kosa. Ule unjano uko kwenye tabaka moja tu la chembe za mmea, na chipukizi linalozaliwa na kipande cha jani halilichukui tabaka hilo. Ukitaka njano, ng'oa mmea wote, fuata shina nene linalotambaa chini ya udongo, likate pale ambapo kila kipande kina majani yake na mizizi yake. Acha vidonda vikauke siku mbili tatu, ndipo upande. Hao wa kijani usiwang'oe, wanafaa sana barazani, hata penye kivuli.