Mashine Mbili za Kemia, Mgonjwa Mmoja: Usianze na Fakta

Maabara ikipata mashine mpya ya kemia na ile kongwe ingali mezani, haupiti muda kabla wodi haijauliza: mbona majibu ya kreatinini, taka ya damu inayoonyesha hali ya figo, hayafanani kwenye mashine hizi mbili? Huku Malindi swali hilo lina uzito. Mgonjwa wa figo hupimwa kwetu leo, mwezi ujao akapimwa Lamu au Mombasa, na namba zote zikaingia faili moja. Kreatinini ikipanda kutoka 110 hadi 135 µmol/L, daktari lazima ajue kama kilichobadilika ni figo au ni mashine.

Mafundi wengi watakupa njia ya mkato: ingiza fakta, yaani namba ya kuzidishia; zidisha majibu kwa 0.9, yalingane, basi. Naipinga kabisa ikitangulia uchunguzi.

Anza na mbinu. Kreatinini kwa njia ya Jaffe, iliyotokana na kazi ya Max Jaffe ya mwaka 1886, hutumia asidi ya pikriki, na asidi hiyo haishiki kreatinini peke yake. Ketoni na protini huweza kupandisha jibu. Bilirubini nyingi huweza kulishusha. Njia ya vimeng'enya haisumbuliwi hivyo na ketoni. Sasa fikiria mgonjwa wa kisukari aliyejaa ketoni, halafu jirani yake asiye nazo: kosa la mmoja si kosa la mwingine, kwa hiyo hakuna fakta moja itakayowafaa wote wawili. ALT, kimeng'enya cha ini, nayo hutofautiana kama rijenti (kemikali ya kupimia) moja ina P5P, aina ya vitamini B6, na nyingine haina. Albumini, protini ya damu, ikipimwa kwa rangi ya BCG husoma juu kuliko kwa rangi ya BCP.

Mbinu zikiwa sawa, linganisha kwa sampuli za wagonjwa. Tafadhali usitumie kontroli, zile sampuli za kukagulia mashine, kwa kazi hii. Kontroli imesindikwa, na kwenye rijenti tofauti haifanyi kama seramu mbichi. Ukibadili thamani ya kalibreta, sampuli ya kuwekea mashine kipimo, ili kontroli zilingane, unaweza kuwaharibia wagonjwa majibu yaliyokuwa sahihi. Tafuta sampuli 40, za chini, za kati na za juu, zigawe kwa siku zisizopungua 5, na kila moja ipite mashine zote mbili ndani ya saa 2. Iwe seramu ileile iliyogawanywa. Damu isiyozungushwa kutenga seramu hupoteza glukosi karibu 5 hadi 7% kila saa, na joto letu linazidisha.

Kisha chora tofauti. Ikiwa ileile kwenye namba ndogo na kubwa, shuku blanki, yaani usomaji wa rijenti bila sampuli, na maji. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, chujio la kuondoa madini huchoka mapema, na kalsiamu na magnesiamu ndizo huumia kwanza. Tofauti ikikua kadiri namba inavyokua, itazame kalibreta: je, pipeti ilipima maji sahihi wakati wa kuyeyusha unga? Thamani iliyoingizwa ni ya loti hii, yaani ya toleo hili la kiwandani?

Kikomo cha tofauti unayoikubali kiamue kabla ya kupima. Kanuni za maabara za Marekani, CLIA, zinazotumika tangu 2025 huruhusu kreatinini ipishane kwa 10% au 0.2 mg/dL, yaani kama 18 µmol/L, lolote lililo kubwa, katika tathmini ya ubora kutoka nje.

Tofauti ikibaki baada ya haya yote, fakta inaweza kuingia. Itokane na sampuli hizo, na iandikwe: nani aliiweka, lini, kwa loti ipi. Loti mpya ikifika, linganisha upya.

Mbinu zikiwa tofauti, mimi sizilazimishi. Naandika mbinu na kiwango chake cha kawaida kwenye fomu ya majibu, na kabla mashine mpya haijaanza kazi nakwenda wodini kuwaeleza madaktari na wauguzi. Mgonjwa wa figo anayefuatiliwa napima sampuli yake kwenye mashine zote mbili mara ya kwanza, majibu yote mawili yaingie kwenye faili yake, ili daktari ajue ahesabu kuanzia wapi.