Barua kwa mwanangu: yule ndege wa kichwa chini

Marahaba, mwanangu.

Nimekupigia hukupokea, basi nakuandikia. Umeniuliza: "Baba, kuna ndege mvumaji ananing'inia kichwa chini kwenye chupa ya maji ya sukari. Hatikisiki, na shingo yake nyeusi kama imeungua. Amekufa? Nimtoe?"

Usimtoe, wala usimguse. Kwa baridi ya leo huko Portland, karibu nina hakika kwamba yu hai.

Ndege huyo ana gramu 4 au 5 tu, kama sukari ya kijiko kimoja cha chai. Mwili mdogo hivyo haushiki joto. Akiruka, moyo wake hupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, na akiendelea kuchoma chakula kwa kasi ya mchana usiku kucha, asubuhi haitamkuta. Kwa hiyo hujizimisha. Joto la mwili, ambalo kwa kawaida ni kama nyuzi 40, hushuka sana, na pumzi huioni hata ukimkaribia. Vidole vyake vimekaza, ndiyo maana amepinduka lakini hajaanguka. Kuamka kunaweza kumchukua dakika 20 au zaidi: ataanza kutetemeka, kisha atafumbua macho.

Shingo haijaungua. Huyo ni dume. Rangi yake haimo ndani ya unyoya kama wino, inatokana na namna unyoya unavyorudisha mwanga. Subiri ageuze kichwa juani, utaona weusi ule ukiwaka waridi iliyokolea. Chozi wetu wa Tanga, wale wa kwenye maua ya migomba, nao hung'aa hivyo, ingawa hawana undugu na huyu.

Mimi mwenyewe nilikosea. Majira yetu ya kwanza ya baridi hapa Seattle nilimwokota mmoja, nikajua ni maiti. Wewe ulikuwa na miaka minne, ukamchimbia kaburi kwa kijiko cha supu. Nilimbeba kiganjani, nimemfunika kwa mkono wa pili. Kufika kaburini nikahisi mtetemo, kama simu iliyozimwa mlio. Nilipofunua, jicho moja lilikuwa linanitazama. Akaruka hadi kwenye uzio. Ulilia sana, ukitaka kujua sasa nani atalala kwenye shimo lako.

Ila jua likishapanda naye bado hajaamka, au ukimkuta chini, bawa limelegea, au paka amemgusa, hapo ni mgonjwa. Mweke kwenye boksi la viatu lenye matundu, utandike karatasi laini, ufunike, mahali penye giza na kimya. Usimlazimishe kunywa, maji ya sukari yakimwagikia manyoya yatamgandisha. Halafu piga simu mara moja kituo cha kutibu wanyamapori, maana hawezi kukaa muda mrefu bila kula. Kumfuga huruhusiwi bila kibali, sheria ya ndege wahamao ipo hapa Marekani tangu 1918.

Chupa yako nayo iangalie. Sukari nyeupe kipimo 1, maji vipimo 4, basi. Rangi nyekundu usitie, wala asali, ambayo huleta ukungu. Usiku iingize ndani isigande, na uitoe kabla hakujapambazuka, kwa sababu akiamka huwa na njaa kali.

Niandikie saa aliyoamka.

Baba yako